Kujifungia kubeti: kwa kampuni, kwa simu, kwa pesa ama kwa mtu?

Nakaa kwa kibanda cha M-Pesa pale Kongowea, Mombasa, na kabla ya hapo nilibeti miaka minne mfululizo, kwa hivyo hii biashara nimeiona kutoka pande zote mbili za dirisha. Juzi binamu yangu wa Mtwapa kanipigia, yeye ni mtu wa tuktuk, kodi ya nyumba ya miezi miwili imepanda ile ndege ya Aviator, ule mchezo wa kubeti wa simu, na haijashuka nayo. Hakuniuliza ataacha vipi, kuacha ashaamua, kwa hesabu yangu ashaamua mara sita. Swali lake lilikuwa ajifungie wapi: aiambie kampuni imfungie akaunti, aweke programu ya kuzuia kwa simu, pesa ampe mkewe, ama aende akaongee na watu wa ushauri. Nikaanza kumjibu kwa voisi noti, ilipofika dakika tisa nikasema wacha niandike tu, hajawa peke yake.

Mimi kila kufuli nalipima kwa maswali mawili. La kwanza, ukitaka kulifungua saa sita usiku na umechemka, litakuchukua muda gani? La pili, ufunguo yuko nao nani? Basi, mengine ni mapambo. Manake ule mwasho wa kubeti (waliouonja wanaujua) haukai siku nzima, unakuja kama wimbi, unapanda, unakusukuma, ukiweza kuuvumilia nusu saa ama saa moja unashuka wenyewe na asubuhi unajishangaa ulikuwa unatafuta nini. Kwa hivyo kufuli linalofunguka kwa dakika mbili hilo si kufuli, ni pazia.

Na kabla hujachagua, jua unafunga nini. Mtu wa mkeka (yule anayebashiri mechi kadhaa kwa tiketi moja) na mtu wa ndege wote wanaambiwa wanabeti lakini hawaumwi ugonjwa wa aina moja. Mkeka una kalenda, wikendi ni ligi, Jumanne na Jumatano ni Ulaya, hapo katikati mtu anapumua na anaweza hata kufikiria. Sumu yake iko kwa kuunganisha mechi. Tuseme kampuni inajikatia shilingi tano kwa kila mia kwenye odi (kiwango cha malipo) za mechi moja, si nyingi, lakini ukifunga mechi kumi kwa mkeka mmoja ile tano inakatwa juu ya iliyokatwa, thamani ya mia yako inabaki kama sitini hivi na refa hata hajapuliza kipenga.

Ndege haina kalenda. Unaweka dau, ndege inapanda na malipo yanapanda nayo, usipotoa kabla haijatoweka umepoteza. Aviator ilitoka 2019 kwa kampuni ya Spribe, raundi moja ni sekunde, na wenyewe wanatangaza kwamba inarudisha asilimia 97 ya madau, basi watu wakiisikia 97 wanaona ni kama sadaka. Hebu tupige hesabu pamoja. Dau la 50, raundi mbili kwa dakika, kwa saa moja hizo ni raundi 120, umezungusha 6,000 hata kama mfukoni uliingia na mia tano, na asilimia tatu ya 6,000 ni 180. Huo ni wastani wa saa moja, kuna anayepoteza zaidi kuna anayepoteza chini, na sijawahi kuona mtu wa ndege anaketi saa moja. Halafu kasi yenyewe inakunyima ile nafasi ya kupumua. Kwa hivyo kwa mtu wa mkeka hata kufuli dhaifu linaweza kusaidia, akivuka Jumapili kavuka, lakini wa ndege anataka kitu ambacho hakifunguki leo wala kesho.

Sasa tuje kwa makufuli yenyewe.

Kampuni. Hapa ndipo wengi wanaanzia na mimi nilianzia hapo. Unawaandikia kastoma kea ama unaingia kwa mipangilio unatafuta pale pa kujizuia, na wengine wamepaficha mpaka utafikiri ni hazina. Kampuni niliyokuwa nayo, sitaitaja, niliwaambia nifungieni kabisa kabisa, wakauliza sababu, nikasema naumia, akaunti ikafungwa. Wiki ya pili meseji ikaingia, umepewa bonasi, ingia uchukue. Nikaingia, nikachukua. Nilikasirika nao sana lakini ukweli ni kwamba hata wangekuwa malaika, ule ni mlango mmoja kwa nyumba yenye milango mingi. Kumbuka Julai 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni na Safaricom ikaambiwa ikate zile Paybill, yaani namba za kampuni za kulipiwa kwa M-Pesa, zilizoguswa zilikuwa kampuni 27, na bado wateja walipata pa kuhamia. Ukijifungia kwa moja, ya pili inakufungulia ndani ya dakika tano na bonasi ya mgeni juu.

Kwa wenzetu hili kufuli ni kitu kingine kabisa. Uingereza wana GAMSTOP, unajiandikisha mara moja tu, bure, unachagua miezi sita, mwaka ama miaka mitano, na tangu Machi 2020 kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya kule ni lazima iwe ndani ya huo mfumo, ikikuona jina inakukataa. Sweden wana Spelpaus tangu 2019. Australia walileta BetStop Agosti 2023 na hiyo ukitaka unajifungia maisha. Rudi kwa maswali yangu mawili: muda wa kufungua ni miezi ama miaka, ufunguo huna wewe na kampuni pia haina. Kwa hivyo wewe unayesoma hii uko Birmingham ama Stockholm, usihangaike na orodha yote hii, anzia hapo leo hii kabla chai haijapoa. Pengo lipo, GAMSTOP haigusi maduka ya kubeti ya barabarani wala tovuti zisizo na leseni, lakini pengo si sawa na kukosa ukuta.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu rejista kama hiyo ingekuwa rahisi kuliko kwao. Kitambulisho ndicho kimesajili laini, laini ndiyo M-Pesa, M-Pesa ndiyo inaingiza pesa kwa waleti ya kubeti, kila kitu kimeshikana kama mkufu. Mzungu anaweza kuwa na kadi tano za benki tano, sisi tuna namba moja ya kitambulisho. Sheria yetu ya zamani ilikuwa ya 1966, imagine, imekuja kubadilishwa Agosti 2025 Ruto aliposaini ile mpya na BCLB, ile bodi ya serikali ya kusimamia kamari, ikatafutiwa mrithi. Mimi hiyo mamlaka mpya ningeipa kazi moja tu ya kwanza, hiyo rejista, mambo ya nembo na ofisi yangesubiri. Kwa sasa hukumu yangu kwa kufuli la kampuni: lifanye, ni bure, lakini usilihesabu kama ukuta.

Simu. Kuna programu zinazozuia tovuti na michezo ya kamari, inayojulikana kwa bure ni BetBlocker, inaendeshwa na shirika la hisani la Uingereza na inaweza kuwekwa popote, unachagua muda kuanzia saa 24 mpaka miaka mitano, ukishachagua huitoi mpaka muda uishe. Gamban ni ya kulipia. Kwa swali la muda hii inaishinda kampuni mbali sana. Kwa mtu wa ndege naipenda, manake ndege inahitaji skrini na data, huwezi kuirusha kwa kabambe, ile simu ya vitufe.

Lakini mtu wa mkeka wa hapa kwetu ataicheka. Kampuni nyingi mkeka unatuma kwa meseji ya kawaida kabisa, namba ya mechi na dau, hata ile simu ya tochi inatosha, na hakuna programu ya kuzuia inayokaa kwa simu ya tochi. Kuna simu ya rafiki pia. Na kuna zile mashine za kutumbukiza shilingi ishirini nyuma ya duka la unga, hizo programu hazizijui kabisa. Nimewahi kumwekea jamaa mmoja BetBlocker ya mwaka mzima, akanishukuru, baada ya wiki mbili namwona yuko na simu mbili. Sikumuuliza.

Pesa. Hapa nitakaa kidogo manake ndio kazi yangu, na ndio naamini kufuli la mtu wa kwetu liko. Ukiacha zile mashine za sarafu, kubeti bila pesa kwa M-Pesa ni vigumu sana, kwa hivyo badala ya kukimbizana na milango mia ya kampuni, funga lile bomba moja.

Anza na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokujazia salio likipungua. Ilikuja Januari 2019 na mimi kama mhudumu nakuambia pale usiku watu hawabeti pesa zao, zao ziliisha saa mbili, wanabeti za Fuliza na za mikopo ya simu, kisha kesho mteja wa samaki akimlipa, ile pesa inamezwa kabla haijatua. Lipa deni, halafu jitoe Fuliza kabisa kwa menyu. Ndiyo, utakosa nauli siku moja. Kukosa nauli na kukosa nyumba chagua moja. Kufungua tena si kazi kubwa, najua, lakini zile hatua za kuomba upya zinakupunguzia moto.

Kisha ile akiba ya kufunga ya M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyo ndani ya M-Pesa, watu wanaichukulia ni ya kununua mbuzi wa Idi tu. Ukifungia pesa pale na ukazitaka kabla ya muda, unatoa notisi ya saa 48. Saa 48! Kule Uingereza benki ya Monzo ilipoweka kitufe cha kuzuia malipo ya kamari 2018, ukikizima unasubirishwa saa 48 vile vile, na dunia nzima ikawasifu kwa ubunifu, na sisi hiyo notisi tunayo kwa simu zetu ila hakuna aliyetuambia ni dawa. Mshahara ukiingia, kodi na karo zipite moja kwa moja, zinazobaki uzifungie, ubaki na za siku mbili tatu. Wimbi likija saa sita usiku litakuta mia mbili.

Halafu kuna kumpa mtu. Hapa naomba unisikilize kama wakala, usimpe mtu namba yako ya siri, hata mke, hata mama. Si kwamba ni wezi, ni kwamba laini bado iko mfukoni mwako na siku ukiwashwa utabadilisha namba ya siri na mtagombana bure. Kinachofanya kazi ni pesa isiingie kwako kabisa, iingie kwa laini yake. Kama una biashara, Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya kupokelea pesa za wateja, iwe kwa jina lake. Na mke asiyejua kiwango cha deni hawezi kushika ufunguo, kwa hivyo utalazimika kusema ukweli wote, hapo ndipo wanaume wengi wanakwama wanarudi kwa BetBlocker. Na wadada msikae mkicheka, pale dirishani kwangu wanaoweka pesa za kubeti si wanaume peke yao, na kwa mwanamke aibu inakuwa mara mbili, wengine huona bora ashike dada ama mwenzake wa chama cha kuchangiana kuliko mume. Muhimu ni awe mtu atakayekuuliza, si yule atakayekupa ukibembeleza.

Watu. Kuhusu ushauri nitasema machache manake sikupitia mengi. Sheikh wetu aliniambia kamari ni haramu, nikamwambia sheikh hilo nalijua tangu madrasa, kujua hakujawahi kuwa shida yangu. Kilichonifungua ni daktari kuniambia kwamba huu ni ugonjwa wenye jina, kwamba tangu 2013 kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeuweka fungu moja na ulevi wa pombe na dawa, si uvivu wala tamaa tu. Tiba yenyewe ni ya kuzungumza, unafundishwa kulitambua wimbi likiwa bado mbali, ni wiki kadhaa, na ukikosa pesa ya daktari kuna Gamblers Anonymous, ilianza Los Angeles 1957, siku hizi wanakutana hata kwa mtandao. Ushauri haufungi kitu usiku wa leo, kwa hivyo ukiuweka peke yake bila kufunga bomba utakuwa unamwagilia shamba na ng'ombe wako ndani. Ila ukifunga bomba bila ushauri, siku bomba likifunguliwa uko pale pale. Na kama deni limekufikisha pa kuwaza kutoka duniani, haya makufuli yote weka kando kwanza, piga kwa Befrienders Kenya 0722 178 177, ongea na mtu.

Kuna jambo moja la Singapore linanifanya niwaonee wivu, kule familia inaweza kuomba ndugu yao afungiwe mlango wa kasino, si lazima akubali yeye. Na raia wa kule anayetaka kuingia kasino analipa dola 150 za kwao kwa siku mlangoni, mgeni anaingia bure. Yaani serikali imesema wazi, tumejenga mtego, ila si wa kunasa watu wetu. Unaweza kuwaita wanafiki, mimi nawaita wakweli.

Kwetu na majirani tunajaribu hiki na kile. Uganda umri wa kubeti ni miaka 25, wetu ni 18, na 25 ni wazo zuri kwenye karatasi mpaka ukumbuke laini ya kaka mkubwa. Aprili 2025 BCLB ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na kwa mtu aliye wiki ya kwanza ya kuacha hizo siku ni dhahabu, kisha yakarudi.

Kodi ya kubeti ndio serikali inaipenda zaidi, na hapa kuna kitu watu hawajakishtukia. Ile ya zamani, iliyofika asilimia 15, ilikuwa kwa kila dau, tangu Julai 2025 ni asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwa waleti. Watu walishangilia kodi imeshuka. Angalia vizuri. Ile ya kwanza kila ukizungusha pesa inakukata, inakuwasha, kwa mtu wa ndege anayezungusha shilingi ile ile mara thelathini hiyo ilikuwa kama breki mbovu lakini breki. Hii mpya inakukata mara moja mlangoni, ukishaingia zungusha mpaka uchoke. Kwa serikali kukusanya labda ni rahisi zaidi. Kwa binamu yangu ni mteremko.

Waingereza walienda kwa dau lenyewe. Zile mashine zao za madukani dau lilikuwa linafika pauni 100 kwa mchezo mmoja, Aprili 2019 wakalishusha mpaka pauni 2, na 2025 wakaja kwa mashine za mtandaoni, pauni 5 kwa watu wazima na 2 kwa vijana wa chini ya miaka 25. Hilo ningelichukua kesho kwa ndege, kabla ya kodi yoyote.

Basi ukiniuliza mimi uchague lipi, kwa mtu wa ndege aliye Kenya: Fuliza nje leo, BetBlocker ya mwaka kwa simu, mapato yaingie kwa laini ya mtu mwingine, hizo tatu kwa siku moja, usifanye moja ukasubiri kuona. Mtu wa mkeka aruke programu kama anatumia kabambe, afunge pesa ya Ijumaa jioni kwa M-Shwari na wikendi asiwe na zaidi ya nauli. Aliye Uingereza GAMSTOP na kitufe cha benki. Mwenye mke anayepiga kelele lakini anahesabu vizuri, ana kufuli bora kuliko yote niliyoyataja.

Binamu alichagua la mke, nilidhani atachelewa mwezi, akasema usiku ule ule. Alilala kwa kiti siku mbili. Jumamosi nimeiona tuktuk yake pale stendi, ile namba yake ya M-Pesa aliyokuwa ameiandika nyuma ya kiti cha dereva imepakwa rangi nyeusi, ya mke imeandikwa chini yake kwa maka, mwandiko mbaya mpaka abiria wanamuuliza hiyo ni saba ama moja.